Pwani Aliyoichagua Maman Nasiba

Watu wa soko la Kamembe wanamjua Maman Nasiba kwa mambo mawili: sambaza zake, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hazina mchanga, na mdomo wake hauna breki. Mimi ninamjua kwa jambo la tatu. Nitalisema leo, maana limenikaa kooni tangu Agosti, na nikilimeza tena nitaugua.

Naitwa Jolie. Nimezaliwa ng'ambo, Bukavu, nikaolewa upande huu wa Rwanda. Nina sekretarieti karibu na stendi ya mabasi: meza, kompyuta moja, na printa inayokohoa kuliko marehemu babu yangu. Ninawaandikia watu barua, ninawajazia fomu, ninapiga fotokopi. Asiyejua kusoma, anasoma kwa macho yangu. Hayo nilikuwa nayasema kwa kujisifu tu, mpaka Maman Nasiba alipokuja kuyaazima kweli macho hayo.

Yeye ni wa hapahapa, mtaa wa Waswahili, binti wa fundi viatu. Aliolewa na fundi cherehani, akafiwa mapema, akabaki na mtoto mmoja, Ridhwani, na beseni moja la samaki. Kwa miaka thelathini na nane ameshuka Cyangugu kila alfajiri kuwangoja wavuvi mwaloni, akapanda na beseni lake, akauza mpaka mchana. Sambaza iliyolala siku moja anaijua kwa harufu tangu mlangoni, na atakutangazia hivyo mbele ya wateja wako wote. Tumegombana mara nyingi. Anakuja kukaa kwenye kigoda changu akinuka ziwa zima, nami namwambia, "Maman, watu watafikiri hapa naprinti samaki." Naye ananijibu kwamba samaki wake wanaliwa, karatasi zangu zinafungiwa maandazi.

Mwezi wa tano alikuja saa ya jua kali, simu mkononi.

"Jolie, niangalilie hii. Ridhwani ametuma bahari."

Nilikuwa na watu watatu kwenye foleni na njaa tumboni. Nikamwambia aangalie mwenyewe, simu si iko mkononi mwake? Hakunijibu, na Maman Nasiba asipojibu ujue kuna jambo. Alikaa kwenye kigoda mpaka wateja wote wakaisha. Halafu akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya pindo la kitenge, akanipa.

Ilikuwa ya daktari wa macho, kwa Kifaransa. Presha ya macho, imechelewa kugunduliwa. Jicho la kushoto limeisha. La kulia limebaki na njia nyembamba katikati, na matone aliyopewa yanachelewesha tu, hayarudishi kitu.

"Aliniambia mwisho wa mwaka na hii ya kulia itakuwa imeenda," Maman Nasiba alisema. "Sasa niko naona kama muntu anachungulia kwa tundu la funguo. Shimwa akinitumia picha, naona pua. Nasogeza, naona sikio. Nasogeza tena, naona pale jino limetoka. Uso muzima sijauona hata siku moja, Jolie."

Shimwa ni mjukuu wake, binti wa Ridhwani, wa miaka sita, na ana mdogo wake. Wamezaliwa Ufaransa, huko Lyon, ambako Ridhwani alifika miaka kumi na moja iliyopita, akapata kazi ya ghala, akamuoa Gasaro. Bibi yao hajawahi kuwagusa.

"Ridhwani anajua habari ya macho?"

"Akijua, weye ndiye nitakuua wa kwanza." Akaikunja karatasi. "Mutoto akijua mama yake haoni, ataacha kumuonyesha bintu. Ataanza kunihurumia. Mie sitaki huruma, nataka picha."

Ndipo nikausikiliza ujumbe wa Ridhwani. Alikuwa na furaha mpaka maneno yanakanyagana. Kazini kwa Gasaro, alisema, wafanyakazi wanapewa nyumba kwa wiki moja kando ya bahari, mwezi wa nane. Tiketi za wote kuja Kamembe hawaziwezi, lakini tiketi moja ya mama wanaiweza. "Uje utukute kule, Mama. Kuna orodha ndefu, ya Ureno, ya Hispania, ya Ugiriki, ya Italia. Pwani utachagua wewe. Sisi tutafuata."

Nilimwangalia Maman Nasiba. Alikuwa ameushika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili.

"Nitamushika uso," alisema. "Nitamuangalia kipande kwa kipande mpaka nimalize. Na mudogo wake vile vile. Na Ridhwani, nione kama amezeeka. Kisha macho yaende. Nitayaaga vizuri."

Basi tukaanza kuchagua bahari, mwanamke asiyeona na mwanamke ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona ni Kivu. Kila mchana, saa saba, alikuja na simu. Nilifungua picha, nikamwelezea. Nilisoma yaliyoandikwa na watu waliofika huko, simu ikinitafsiria yale ya Kiingereza na Kijerumani. Mwanzoni nilifanya haraka haraka, ili nirudi kwenye kazi yangu. Haikuwezekana. Maman Nasiba anachagua pwani kama anavyochagua sambaza, moja moja, na ukimpa mbovu anakutupia.

Nilianza na Ureno. Mchanga mpana, miamba ya rangi ya tofali, watoto na ndoo zao.

"Mawimbi?"

"Makubwa. Kuna vijana wanasimama juu yake na ubao."

"Pita."

"Ngoja basi nimalize! Wanasema asubuhi maji yanaondoka, mchanga unabaki mkavu, mchana yanarudi."

"Inaondoka inaenda wapi?"

"Nitajuaje? Inaondoka tu. Ndiyo tabia ya bahari."

"Maji inaondoka na inarudi bila kuaga, hiyo ni mwizi. Pita."

Hispania, kule kusini kabisa, mama mmoja aliandika kwamba upepo unarusha mchanga mpaka unachapa miguu ya watoto kama fimbo. Tukapita. Nikafungua nyingine ya hukohuko, maji tulivu, miti ya kivuli nyuma. Nikaikuza picha vizuri.

"Maman, hapa kuna watu wamelala."

"Kulala si kosa. Ni konje, wanapumzika."

"Wamelala bila kitu."

"Bila mukeka?"

"Bila kitu chochote, Maman. Hata kile cha ndani."

"Astaghfirullah. Ridhwani ndiye ametuma hiyo?"

"Iko kwenye orodha."

"Ni vijana ao ni wazee?"

"Wazee."

"Yebabawe! Pita, Jolie, pita mbio!"

Tulicheka mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza kuna nini. Naikumbuka sana siku ile, kwa sababu ilikuwa ya mwisho kucheka kwa jambo hilo.

Siku iliyofuata tulifika Ugiriki. Maji yalikuwa mazuri mno, meupe kama yamechujwa, na nyumba nyeupe juu yake. Nilikuwa nimechoka, nikataka tuichukue, tumalize. Nikamsomea, na katikati ya kusifu, mzazi mmoja alikuwa ameandika: angalieni watoto, baada ya hatua chache maji yanakatika ghafla.

Maman Nasiba alisimama. "Kama hapa kwetu," alisema, akatoka bila simu yake.

Nilimfuata na simu hadi kwenye kona ya soko. Hapo ndipo aliponisimulia jambo ambalo nilikuwa nimelisikia nusunusu kwa watu. Ridhwani alikuwa na miaka saba. Asubuhi moja ya Jumamosi alishuka naye Cyangugu, akamwacha acheze ufukweni. Ziwa letu linajulikana, halibembelezi mtu: hatua ya kwanza kifundo cha mguu, ya pili magoti, ya tatu hakuna chini. Maman Nasiba alikuwa anabishana na mvuvi. Mvuvi amepima bakuli halijajaa, yeye anasema lijaze, mvuvi anasema limejaa. Alipogeuka, mtoto hayupo. Kulikuwa na kandambili moja tu juu ya maji. Mtu aliyekuwa anafunga mtumbwi wake aliruka akamtoa kwa mguu, kichwa chini, midomo imekuwa ya zambarau. Walimkamua tumbo mpaka akalia.

"Nilimupa mugongo, Jolie. Kwa bakuli moja ya samaki nilimupa mutoto mugongo." Alikuwa analia katikati ya soko bila kujificha. "Nitafutie maji inashuka polepole. Shimwa atembee mpaka achoke, na maji iwe bado kwa magoti. Bila hiyo siendi, na wao hawaendi."

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kuanzia siku hiyo niliacha haraka zangu. Nilitafuta hata wakati usio wa kazi, nyumbani, nikipika. Ikawa nimejua majina ya fukwe kuliko majina ya wakwe zangu. Na mwisho nikaipata, Italia, juu kule kwenye bahari ya Adria, mji unaitwa Grado. Miavuli imepangwa mistari kama maharage. Waangalizi wanakaa juu ya viti virefu na filimbi. Lakini kilichotuamulia ni mlalamikaji mmoja, mzungu mwenye hasira, aliyeipa pwani ile nyota mbili. Nilimsomea Maman Nasiba neno kwa neno: "Hapa mtu mzima hawezi kuogelea. Unatembea dakika kumi na maji bado magotini. Inachosha."

Alipiga makofi. "Huyo! Mungu amubariki huyo mulalamishi na batoto bake. Ni pale tunaenda."

Ridhwani alifurahi. Karatasi zikaanza kuja: barua ya mwaliko, karatasi ya nyumba kuanzia tarehe kumi Agosti hadi kumi na saba, tiketi ya kwenda na ya kurudi tarehe kumi na nane. Mimi nikaandaa faili la viza. Kazi hiyo ninaijua. Ninajua pia wanachouliza kule ubalozini Kigali, na wanachotaka kusikia.

"Watakuuliza unarudi lini," nilimwambia. "Unasema: tarehe kumi na nane Agosti."

"Tarehe kumi na nane Agosti, inshallah."

"Bila inshallah."

"Ni juu ya nini?"

"Wale ukisema Mungu akipenda, wao wanasikia labda. Na labda haipewi viza."

Mawee, alivyonigeukia! Aliniita mpagani wa Bukavu, mtu ambaye kanisani anaenda siku ana kitenge kipya. Alisema tangu utotoni hajawahi kusema kesho nitafanya hivi bila kumtaja Mwenye kesho, kwamba siku aliposahau, akiwa na miaka minane, mama yake alimtia pilipili mdomoni, na kwamba mtu anayesema nitarudi kwa kifua chake mwenyewe anajitafutia jeneza. "Nimukane Mungu kwa sababu ya muchanga?"

Siku tatu hatukusemezana. Ya nne alikuja mwenyewe, akasema amefikiri: atataja tarehe kwa mdomo, na Mungu atamtaja moyoni. Nikamzoeza. Stendi nzima ikajua. Makondakta walikuwa wakimwona anapita na beseni wanamwita, "Maman Nasiba, utarudi lini?" naye anapaza sauti, "Kumi na nane Agosti!" kisha midomo yake inachezacheza, na sisi wote tunajua anamalizia nini.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Nilitaka tuitie karatasi ya daktari wa macho ndani ya faili. Nilimwambia, mtu mwenye moyo akiisoma hii, ataelewa ni kwa nini lazima uende mwaka huu. Alikataa kabisa. Watasema anakwenda kujitibisha kwa watu, na nakala itamfikia Ridhwani. Karatasi ikabaki kwenye droo yangu. Ningeweza kuipenyeza bila yeye kujua, angeionaje? Sikuipenyeza, nikijiona mtu mwaminifu.

Mwezi wa sita mwishoni tulipanda basi alfajiri, tukavuka msitu wa Nyungwe, tukafika Kigali miguu imevimba. Alikuwa amebeba sambaza za kukaanga kwenye mfuko kwa ajili ya "yule atakayeniuliza". Nilimnyang'anya mlangoni. Akaingia peke yake. Mimi nilibaki nje, mfuko wa samaki mkononi, nikisali sala zote nilizofundishwa na zile nilizozisikia kwake.

Hakukawia. Alitoka akipapasa ukuta.

"Wamekuuliza?"

"Wameniuliza. Ni binti mudogo, mwenye adabu. Kuna mwanaume alikuwa anamutafsiria. Aliuliza nitafanya nini kule. Nikasema nitakaa kando ya maji, nichunge batoto."

"Vizuri. Na kurudi?"

"Nikasema kumi na nane Agosti."

"Kavu kavu?"

"Kavu kavu, Jolie."

Nilitaka kumkumbatia pale barabarani.

"Halafu yule binti akaniuliza: una hakika?"

Nilijua. Kabla hajasema nilishajua.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hakika iko kwa Mungu, binti yangu. Hata weye, una hakika leo utafika nyumbani?"

Sitaki kuyarudia niliyomwambia. Nilimpigia kelele mimi, mwanamke mwenye watoto, nikampigia kelele mama wa miaka sitini na nne mpaka walinzi wakatuangalia. Nilimwambia ameyafunga macho yake mwenyewe. Alisimama akanisikiliza, kichwa upande, kama anayesikiliza mvua.

"Nilijaribu," alisema nilipochoka. "Neno lilifika hapa," akagusa meno, "likakataa kutoka."

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Nililisoma kwanza peke yangu. Kuna visanduku vimepangwa, na kimoja kimetiwa alama: nia yako ya kuondoka kabla ya muda wa viza kwisha haikuthibitika. Nikamsomea. Akaniomba nisome tena, polepole. Nikasoma. Sijui kama ni lile neno moja lililomwangusha. Pengine wangemnyima hata hivyo, wanawanyima wengi. Lakini yeye anaamini ni neno lile, nami usiku na mchana naiona ile droo na karatasi ndani yake. Siku za kukata rufaa zilikuwa hazitoshi tena kabla ya Agosti.

"Waambie wasibadilishe pwani," alisema. "Wasiende kwa wale Wagiriki. Waende pale pale kwa magoti."

Ridhwani alilia kwenye simu, akasema basi mwaka ujao. Mama yake akasema sawa, mwaka ujao, inshallah. Mimi niliangalia ukuta.

Mwezi wa saba, mteja alirudisha sambaza. Zina mchanga. Alizimwaga mbele yake, soko zima likiona, akasema Maman Nasiba naye siku hizi ni mwizi kama wengine. Miaka thelathini na nane! Yeye akaokota moja, akaitia mdomoni, akatafuna, nikasikia mchanga unalia kwenye meno yake. Hakujitetea. Alimrudishia mteja haki yake, akakaa, akaanza kuzipapasa zilizobaki kwa ncha za vidole. Tangu hapo ninashuka sokoni asubuhi kabla sijafungua sekretarieti, tunachambua pamoja. Hatuzungumzi. Ananuka ziwa, nami nimeacha kumtania.

Simu ya Grado iliingia Jumanne moja ya Agosti, saa saba na nusu. Tulikuwa tumejiandaa. Yeye kwenye kigoda, simu nimeisimamisha juu ya boksi la karatasi, mimi nimekaa pembeni mahali kamera hainioni, mkono wake ndani ya mkono wangu. Akibana, ninamnong'oneza kilichopo. Ndivyo tulivyokuwa tumefanya simu zote za mwezi ule, kwa sababu ile njia nyembamba ya jicho la kulia ilikuwa imejaa ukungu.

"Mama! Umeiona?" Ridhwani aligeuza simu.

Ilikuwa vilevile kama nilivyomwelezea. Miavuli kwenye mistari. Viti virefu. Maji yanang'aa hayana haraka, na watu wadogo kwa mbali sana, wamesimama katikati ya bahari kana kwamba wamesimama shambani.

"Miavuli ya bluu na nyeupe," nilinong'ona.

"Naona, mwanangu. Miavuli ni mizuri, bluu na nyeupe."

"Gasaro yule pale anakupungia."

"Kofia kubwa, kushoto," nilinong'ona.

"Gasaro, hiyo kofia imekupenda!"

Wakacheka kule. Nikaanza kufikiri tutafika mwisho salama. Kisha Shimwa akaja mbio, amelowa, nywele zimejaa mchanga, akamnyang'anya baba yake simu. Uso wake ukajaza kioo chote. Uso mzima, kwa dakika nzima, karibu kabisa, kila kitu pale: jino lililotoka na jipya linaloota, kovu dogo juu ya nyusi, macho ya Maman Nasiba mwenyewe alipokuwa kijana. Sikunong'ona. Ningeanzia wapi?

"Bibi," alisema mtoto, kwa Kiswahili alichofundishwa na baba yake, "unaangalia wapi?"

"Nakuangalia weye, mama yangu."

"Hapana. Unaangalia kule. Mimi niko hapa." Akapunga mkono. "Niko hapa, Bibi. Hapa!"

Maman Nasiba aligeuza kichwa kidogo, upande usiokuwa wa mtoto. Shimwa akaacha kupunga. Akamwangalia baba yake, akamwambia kitu kwa Kifaransa, akaiacha simu mkononi mwa baba, akarudi majini.

Nilimwona Ridhwani anaileta simu karibu. Alikuwa amezeeka kidogo, ndiyo, mvi mbili tatu kwenye ndevu.

"Mama, ninaonyesha vidole vingapi?"

Vitatu. Viko wazi mbele ya jua. Maman Nasiba aliubana mkono wangu. Nilifungua mdomo. Nilifikiri habari ya droo, na binti wa Kigali, na mchanga kwenye meno. Akabana tena, kwa nguvu, kucha zikaniingia.

Nikanyamaza.

"Jolie?" aliita. Aliita kwa sauti, kama mtu aliyeachwa barabarani, na mwanawe alimsikia.

"Mama. Tangu lini? Mama, tangu lini huoni?" Alikuwa analia, simu inacheza, mara anga, mara uso wake. "Kwa nini hukuniambia? Niangalie. Mama, niangalie mimi!"

"Ridhwani!" Ilikuwa sauti ya mwaloni, ya kumrudisha mvuvi mwenye bakuli pungufu. Watu wa stendi waligeuka. "Usiniangalie mie! Mie niko pakavu. Mutoto iko wapi?"

"Mama..."

"Umemupa mugongo! Umemupa mutoto mugongo, na iko ndani ya maji! Geuka!"

Akageuka. Simu ikageuka naye, na ile bahari yote ikaingia tena mezani kwangu. Ridhwani alikuwa anaita jina la binti yake. Nilitafuta kati ya wale watu wadogo mpaka nikamwona, mbali sana, mbali kuliko mtoto yeyote anavyoweza kwenda Cyangugu akabaki hai. Alikuwa amesimama. Alikuwa anatupia mtu maji.

"Unamuona?" Maman Nasiba aliniuliza.

"Namwona."

"Maji imemufika wapi?"

"Magotini."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Maman."